Daftari Lako Lililobaki Mbeya

Subilaga mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Ikolo kumuaga bibi, na nyumba imetulia. Nimeleta meza ndogo barazani ili niandike kabla hamjarudi. Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Ningependa uisome kesho basi likishapita Tukuyu, mahali ambapo huwezi tena kuteremka kuja kuniuliza maswali, maana nakujua.

Mambo ya sweta, ya pasi ya kusafiria na ya vyakula vya Uswidi mama yako ameshakueleza, na mengine ameyarudia mara tatu. Huko sina la kuongeza. Nina jambo langu ambalo nimelibeba tangu ukiwa na miaka kumi na miwili, na sitaki uende mbali kiasi hicho bila kulijua.

Lakini kwanza nikuambie nilivyojisikia juzi. Majirani walipokuja kukuaga, Baba Lusajo aliniuliza mbele ya watu wote, "Huyu binti anakwenda kusomea nini hasa?" Nikamjibu, "Mwanga." Akasema, "Yaani umeme." Nikasema, "Hapana, mwanga." Hapo nikakwama, nikakuita. Ukatoka jikoni mikono ina unga, ukalivuta jiko la mkaa katikati ya baraza, ukamwambia asogeze kiganja bila kugusa.

"Unahisi nini, baba?"

"Joto."

"Joto hilo linalokufikia hapo ni aina ya mwanga. Macho hayauoni, ngozi ndiyo inayouhisi. Unaitwa infraredi."

Ukawaeleza kwamba gesi ni chembe ndogo mno zinazoitwa molekuli, na kwamba molekuli haitulii, inatikisika muda wote, kila aina kwa namna yake. Ukiimulika kwa mwanga ule usioonekana, inachukua sehemu inayolingana na mtikisiko wake na nyingine inaiacha ipite. Kwa kuangalia kilichochukuliwa, mtu anajua ni molekuli gani ilikuwemo. Mama Neema akauliza, "Sasa hiyo habari ya kuvunja tunayoisikia?" Ukamwambia kuwa mwanga wenye nguvu ukiipiga molekuli, inaachana vipande vipande, na kazi yenu ni kuvimulika vipande hivyo upesi, kabla havijashikana na vingine, ili mjue imevunjikia wapi na imezaa nini.

Baba Lusajo akasema, "Mkiivunja hewa sisi tutavuta nini?"

Watu wakacheka. Wewe hukumcheka. Ulimjibu taratibu kama mtu mzima anavyomjibu mtu mzima, kwamba mnatumia gesi kidogo tu ndani ya chombo kilichofungwa, na kwamba jua lenyewe linafanya kazi hiyo kila siku huko juu angani, iwe tunapima au hatupimi. Ukasema zipo gesi za kwenye mafriji ambazo jua likizivunja huko juu, vipande vyake vinaharibu lile tabaka la hewa linalotukinga na mionzi mikali, ndiyo maana watu wanataka kujua zinavyovunjika. Baba Lusajo akatikisa kichwa, akaniambia, "Ndaga, asante. Sasa nimeelewa kuliko ulivyonieleza wewe." Nilikaa pale nikatamani watu wasiondoke, waendelee kukuuliza.

Sasa nirudi kwenye jambo langu.

Unakikumbuka kituo cha hali ya hewa. Nilikaa pale miaka kumi na minne. Ulikuwa unapenda lile tufe la kioo lililokaa juu ya nguzo, lililokusanya mwanga wa jua na kuichoma kadi iliyowekwa nyuma yake. Jua likitoka, kadi inaungua mstari. Wingu likipita, mstari unakatika. Jioni tunaitoa ile kadi, tunapima urefu wa palipoungua, tunaandika kitabuni saa za jua za siku hiyo, kisha tunaweka kadi mpya. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa unaomba nikuachie uzishike kadi zilizotumika, unanusa harufu ya moshi wake. Ulipofika kumi ukaanza daftari lako mwenyewe. Kila siku uliandika mawingu yakoje, mvua imeanza lini, upepo unatoka ziwani au milimani. Hakuna aliyekutuma.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Ninyi mliofikia utu uzima wakati kila kitu ni ruksa na maduka yamejaa mnaweza kudhani tunatia chumvi, lakini sabuni ilikuwa haipatikani Kyela nzima. Mama yako alikuwa anafulia majivu ya maganda ya migomba. Shangazi yangu alikuwa Karonga, upande wa Malawi, na watu wetu walikuwa wanavuka mto Songwe kwenda kwa ndugu zao na kurudi na sabuni na sukari. Wiki moja nikaamua kwenda, siku tatu kwenda na kurudi.

Siku zile tatu hazikuwa zamu yangu. Zilikuwa za Ambakisye, mwenzangu kituoni. Lakini mke wake alikuwa karibu kujifungua, akaniomba nimshikie, naye angenishikia siku nyingine. Nikakubali. Tulibadilishana kimyakimya, bila kumwambia mkubwa yeyote. Kisha, mwanangu, nikamwachia yeye aamini kwamba nipo kituoni, na mimi nikavuka mto.

Nilirudi siku ya tatu jioni na mche wa sabuni, sukari na kitenge cha mama yako. Kituoni nikakuta kipima mvua kina maji mengi na kadi ni ileile ya siku niliyoondoka. Sikujua mvua ilinyesha siku gani wala jua lilitoka saa ngapi. Karonga lilikuwa jua kali siku zote tatu, nikajidanganya kwamba hata kwetu lilikuwa hivyohivyo. Mvua yote nikaiandika kwenye usiku wa mwisho. Kisha nikachukua kadi tatu mpya, nikaipasha moto sindano ya kushonea magunia kwenye mkaa, nikazichoma mstari. Na kwa kuwa ratiba ilisema ni zamu ya Ambakisye, pembeni nikaandika herufi za jina lake.

Ulikuja ukanikuta na ile sindano. Ukauliza, "Tata, hizo ni za jua?"

Nikakujibu, "Ni za jua."

"Mbona Jumanne hakukuwa na jua?"

Nikakuambia nenda ukaangalie bata.

Baada ya wiki chache akaja mkaguzi kutoka Mbeya, mtu mwembamba wa miwani, mpole. Alikuwa na kitabu cha kituo cha jirani, ambako mvua ya siku zile ilikuwa imenyesha kutwa mbili mfululizo. Akazipanga zile kadi mezani, akatuita sote wawili. Akasema, "Jua halichomi sawasawa. Asubuhi linachoma kidogo, mchana linachoma sana, jioni linalegea. Mstari huu ni mmoja mwanzo mpaka mwisho. Aliyeandika herufi hizi ni nani?"

Ambakisye akasema, "Herufi ni zangu, lakini sikuziandika mimi. Tulibadilishana zamu. Siku hizo alikuwepo mwenzangu."

Mkaguzi akanigeukia. "Ni kweli?"

Nimefanya makosa mengi maishani, Subilaga, na mengine mama yako atakusimulia huku akicheka. Hili halichekeshi. Nilimtazama yule mkaguzi nikasema, "Sikumbuki."

Ambakisye alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Mtoto wake alikuwa bado hajapewa jina.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilipokaa kula, ulileta daftari lako ukaliweka kando ya sahani yangu, limefunguliwa. Hukunishutumu. Ulisema tu, "Tata, Jumanne mvua ilianza asubuhi, tulikuwa tunakwenda shule. Niliandika. Na Jumatano pia." Nilikuuliza kwa ukali, "Nani amekutuma kuandika?" Ukalichukua ukaondoka. Mama yako ile sabuni niliyoleta aliikalia wiki nzima bila kuifungua.

Nilikaa siku kumi na moja. Nakutajia idadi kwa sababu nilizihesabu. Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda Mbeya, na kila asubuhi nilipata sababu. Siku ya kumi na moja nilikutana na mke wa Ambakisye sokoni, mtoto mgongoni. Akanisalimia vizuri kabisa, akauliza hali ya mama yako. Alikuwa hajui. Ambakisye hakumwambia kwamba mimi ndiye niliyenyamaza. Nilirudi nyumbani, nikalichukua daftari lako kwenye mfuko wako wa shule wewe ukiwa mtoni, nikapanda gari kwenda Mbeya.

Nilimweleza mkaguzi yote, na kwa kuwa niliogopa hataniamini, nikampa daftari lako kama ushahidi. Alilisoma kwa muda mrefu. Hakusoma siku zile tatu tu, alianza ukurasa wa kwanza akaenda mpaka wa mwisho. Kisha akauliza:

"Hili ni la nani?"

"La binti yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Akavua miwani akaifuta. Akasema, "Nina watu wazima walioajiriwa kwa kazi hii, na hakuna anayeandika namna hii. Hapa ameandika 'sikuona, nilikuwa nimelala.' Unajua ni wangapi wangethubutu kuandika hivyo? Mwambie aendelee. Umwambie ni mimi niliyesema."

Ujumbe huo, mwanangu, niliukalia. Leo ndiyo naufikisha.

Unajua kilichofuata, ila ulikijua kwa upande mmoja tu. Daftari lilibaki Mbeya ndani ya faili. Ambakisye alirudishwa kazini, akapewa nafasi yangu. Mimi nilishushwa, nikawa mfyekaji wa nyasi za kituo kilekile, na watoto wa shule walikuwa wanapita wakiniona na fyekeo. Ulilitafuta daftari lako, ukalia, na nilipokuambia liko Mbeya ukaelewa kwa akili yako ya kitoto kwamba wewe ndiye uliyenishusha. Siku moja ulikuja pale ninapofyeka, umesimama na sare yako ya shule, ukasema, "Tata, sitaandika tena."

Na mimi nikasema, "Sawa."

Ningeweza kukuambia palepale kwamba hukunishusha wewe, nilijishusha mwenyewe, na kwamba daftari lako ndilo lililonitoa mahali ambapo nisingetoka kwa miguu yangu. Ningeweza kukuambia alichosema mkaguzi. Lakini ili nikupe sifa yako ningelazimika kutaja aibu yangu kwa kinywa changu mbele yako, nikashindwa. Hata kwenda Mbeya kulikuwa rahisi kuliko hilo. Ulikaa zaidi ya miaka miwili bila kuandika kitu kisichokuwa cha shule. Ulikuwa unatazama mawingu, kisha unainamisha kichwa. Nilikuwa nakuona.

Kama ungeishia hapo, nisingekuwa na uso wa kukuandikia. Ukaenda sekondari ya bweni, na huko ukakutana na yule mwalimu wa fizikia aliyewafundisha bila maabara, kwa kipande cha kioo na ndoo ya maji. Ulirudi likizo ukaniomba nikupeleke kituoni ukalione tena tufe la kioo. Nilikupeleka. Usiku ule mama yako aliniambia umemwomba daftari jipya.

Mambo yakabadilika haraka baada ya hapo. Ruksa ikaja, maduka yakajaa sabuni za rangi zote, wanunuzi binafsi wa kakao wakaanza kutufuata majumbani, na serikali ikaanza kupunguza watu. Kituo chetu kikafungwa. Tufe wakalipakia kwenye gari. Wote wawili tukarudi shambani, mimi kwenye kakao yangu ya Ipyana, na Ambakisye kwenye yake ya Katumba Songwe. Mwaka mzima nilikaa kama mtu aliyepoteza saa. Nilikuwa natazama juu kila jioni sijui niandike wapi.

Barua zako kutoka chuoni Dar ndizo zilizonirudisha. Kuna moja ilikuwa na furaha sana. Mlikuwa na mashine ya kupimia infraredi, ya zamani, ya msaada, wewe na fundi mmoja mmeihangaikia hadi ikafanya kazi. Ukaandika kwamba umeona alama mbili kwenye grafu ya gesi yako ambazo hakuna kitabu kilichozitaja, na kwamba huenda umegundua kitu. Niliisoma barazani kwa sauti. Baada ya mwezi ikaja nyingine, fupi. Ulikuwa umerudia kipimo mara tisa. Ukagundua kwamba alama zile zinakua watu wakiwa wengi chumbani na zinapungua ukifungua madirisha. Ilikuwa unyevu na hewa tunayotoa puani, iliyokuwa imejaa njiani mwanga unapopita. Ulikuwa umepima pumzi zako mwenyewe.

Mtu mwingine angezifuta zile alama kimya. Mimi najua kipimo kinavyodanganywa, niliwahi kushika sindano. Wewe uliandika kwenye ripoti yako ya chuo, kwa Kiingereza, ukurasa mzima wa kueleza ulivyokosea, ulivyofurahi mapema, na ulivyojua. Ulipokuja likizo ulinitafsiria ukurasa huo neno kwa neno, ukiona haya kidogo. Nilitoka nje nikakwambia nakwenda kuangalia migomba. Sikuwa na migomba ya kuangalia. Nilisimama huko nikalia, na nilikuwa na furaha kuliko siku uliyozaliwa, maana siku uliyozaliwa nilikuwa sijui nimepewa nani.

Na ni ukurasa huohuo aliousoma profesa wa Uswidi aliyekuchukua. Mwalimu wako wa chuoni aliniambia mwenyewe alipotutembelea, kwamba barua iliyotoka huko ilisema wanamtaka mtu aliyeandika ukurasa ule. Grafu nzuri walikuwa nazo za kutosha.

Kwa hiyo sina cha kukufundisha juu ya vipimo. Utakosea huko, mashine zitakuwa kubwa zaidi na watu wanaokutazama watakuwa wengi zaidi. Hilo halinitishi. Linalonipa wasiwasi ni jingine, lile ulilolirithi kwangu: unapoumia unanyamaza. Ulinyamaza miaka miwili. Mimi nimenyamaza kumi na zaidi. Ukiona kitu kimekaa kooni, mwandikie mtu, hata kama hujui kitaishaje.

Jumamosi iliyopita nilipanda baiskeli hadi Katumba Songwe. Nilimkuta Ambakisye anageuza kakao kwenye mkeka. Tukasalimiana. Akanipa kigoda.

"Nimekuja kuomba ruhusa," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Subilaga anasafiri Jumanne. Nataka nimwandikie habari ya zile kadi. Jina lako litakuwemo."

Akaendelea kugeuza kakao. "Kwani hajui?"

"Hajui yote."

"Miaka yote hii."

"Miaka yote hii."

Akakaa chini kando ya mkeka. "Mwandikie. Lakini usinipambe. Nilikuchukia sana wakati ule. Nilikuwa nabeba mtoto mchanga, namtazama, nasema nitamlea na nini. Uliporudi kutoka Mbeya nikaitwa kazini, chuki ikaisha. Ikaisha kweli. Lakini wewe ukaanza kunikwepa. Ukiniona barabarani unakata kona. Nikadhani unaona nimekuibia nafasi yako."

Nilichukua upande wa pili wa mkeka, tukageuza kakao pamoja mpaka ikaisha. Nilipokuwa naondoka akauliza basi linatoka saa ngapi.

Ukifika hapa katika barua, utakuwa umeshamwona. Ndiye yule mzee mwenye mvi aliyekuwa amesimama na mimi stendi, ambaye kwa vyovyote nitakuwa sijamtambulisha kwako ipasavyo, kwa sababu ya watu. Amezeeka, huenda hukumtambua. Nilikuwa nimemsimulia habari ya daftari lako, akataka tu kumwona aliyeandika "sikuona, nilikuwa nimelala."

Nina ombi moja. Barua yako ya kwanza kutoka Uswidi usituandikie sisi. Mwandikie Ambakisye, kwa mkono wako, umweleze umefikaje na umeona nini. Mimi nitapanda baiskeli niende kwake, anisomee.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Nenda.

Baba yako,
Gwakisa